Nguruwe Aliyeniitikia Niliporudi Nyumbani

Mama Yoshie wa redioni,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, waulize watu wa bonde letu lote, niliwahi kubeba magunia mawili ya mpunga kwa mpigo mmoja, moja kila bega, nikapanda ngazi zote za hekalu bila kutua, na daktari ananijua kwa kusikia tu, kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, mimi ambaye shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe, ujue jambo limenifika shingoni, na tafadhali jina langu usilitaje hewani.

Sisi ni wa kule tulikohamishwa mtambo wa umeme wa nyuklia ulipolipuka. Tuliambiwa tutoke kwa siku chache, tukatoka na nguo tulizovaa, na hizo siku chache zikawa miaka, mimi na mke wangu Tomiyo tukaishi mjini kwenye ghorofa, chumba kama sanduku, jirani akipiga chafya unamwambia pole. Sasa barabara imefunguliwa, wakasema anayetaka kurudi arudi, na mtaa mzima nimerudi peke yangu, wengine wote waoga. Tomiyo akasema, "Baba, tangulia wewe, usafishe. Mimi nitakuja wiki ya kuzuru makaburi, niitazame nyumba kwanza, ndiyo nikwambie kama nabaki au narudi zangu huku." Nikamwambia utabaki tu mama, nyumba niliyoijenga kwa mikono hii hakuna anayeikimbia.

Sasa sikiliza. Siku ya kwanza nilifika mchana, jua jeupe, kimya mpaka unasikia nyasi zinasugua ukuta, nikasukuma mlango, nikavua viatu pale kwenye jiwe la mlangoni, na mdomo wenyewe ukasema kama ulivyozoea tangu utoto, "Nimerudi!" Kwetu mtu akisema hivyo aliye ndani humjibu, umerudi, karibu nyumbani. Mimi nilijua hakuna mtu. Na kutoka chumba cha ndani nikaitikiwa. Si neno, ilikuwa sauti ya kifuani, fupi, mara mbili, lakini ilikuja palepale jibu linapotakiwa kuja, haikuwahi wala haikuchelewa.

Nywele zilinisimama, lakini hiyo ilikuwa baridi ya humo ndani tu. Nikaingia nikamkuta amelala mahali anapolala Tomiyo, nguruwe mwitu jike, mkubwa kama pipa, ananitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyeingia kwako bila hodi. Hakukimbia. Mimi ndiye niliyerudi nyuma, polepole, mtu asiseme nilikimbia.

Basi nikasema moyoni mnyama atachoka atakwenda, nikaanza kusafisha. Kuta zote zina mstari, kimo cha goti, umezunguka nyumba nzima, chumba hadi chumba, mahali nguruwe walipopita wakijisugua miaka yote hiyo, na mbao zimelainika zinang'aa kama mpini wa jembe la babu yangu. Nimesugua ule mstari kwa brashi na maji ya moto mpaka vidole vikatoka damu, kesho yake upo. Na kila siku nikitoka shambani nasema nimerudi, maana kuingia kimya nyumbani kwako kama mwizi mimi siwezi, na kila siku naitikiwa.

Halafu ikawa siku moja nimekaa ndani nakunywa supu, mlango wazi, adhuhuri kabisa, akaja yeye kutoka kwenye mashamba yaliyogeuka pori, akasimama pale kwenye jiwe la viatu, hakuingia, akatoa ile sauti yake, mara mbili, akangoja. Akangoja, mama, masikio ameyasimamisha. Na mimi na kichwa changu hiki kigumu nikausikia mdomo wangu unasema, "Umerudi." Ndipo akaingia.

Toka siku hiyo sijielewi. Nalala jikoni kwenye sakafu ya udongo, kwa sababu chumba cha ndani amekaa yeye. Juzi nilikuwa natoka kuchukua kuni nikajikuta napita kandokando ya ukuta kwenye ule mstari wake, goti linausugua, na sikumbuki nilianza lini kupita hivyo.

Alikuja Kanno, kijana wa kikundi cha kutega nguruwe, si wa mtaa wetu, akachungulia akatoka haraka.

"Mzee wangu, huyo ana mimba. Humo ndimo alimozaliwa, na mama yake vilevile. Akizaa humo basi tena. Niruhusu niweke kizimba mlangoni."

"Nani kakwambia namwogopa?"

"Sijasema unamwogopa. Nimesema niweke kizimba."

"Kaweke kwako."

"Kwangu hawaingii, mzee. Kwangu kuna watu."

Nikamfukuza. Ana bahati nimezeeka, zamani ningemrusha mtoni na kizimba chake. Lakini lile neno lake, kwamba kwake kuna watu, halinitoki.

Na ile mimba ni kweli, jana yule jike ameanza kujenga kitanda. Amerarua mikeka, amevuta godoro la kukunja la Tomiyo kutoka kabatini na ile shali yake ya sufu, amevirundika pembeni na majani makavu, anazunguka juu yake, anakanyaga, anazunguka. Wakati huohuo Tomiyo akapiga simu.

"Nyumba ikoje, baba?"

"Inang'aa kama bakuli la sikukuu."

"Mbona unaongea chinichini?"

"Kwani mimi mnadi bidhaa, nipige kelele?"

Halafu akasema, "Nani huyo anapumua?"

Nikakata simu.

Anakuja Jumapili, mama, ameshapika na maandazi ya mchele ya kupeleka makaburini, na akiliona lile godoro ataondoka na hatarudi maisha yake yote, namjua. Nikimwita Kanno, mnyama anakwenda, sawa, lakini kesho yake nikitoka shambani nikasema nimerudi na nyumba ikanyamaza, mimi nitafanya nini, na hilo silisemi kwa woga. Niambie tu kwa kifupi, nimzuie Tomiyo asije au nimwite yule kijana.

Ni mimi, mwenye nyumba.

*

Baba mwenye nyumba,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliwasha taa zote ingawa ilikuwa saa nne asubuhi.

Pole. Nasema pole kwanza kwa sababu nitakugombeza sasa hivi. Kufukuzwa kwako bila kosa, kukaa kwa watu mpaka mvi zikujae kichwani, halafu urudi ukute mwingine amezaliwa chumbani kwako na kukua humo, hilo lingemtikisa mtu yeyote, mwenye nguvu za magunia na asiye nazo. Usione haya.

Unataka kujua kama yule mnyama anakujibu. Nguruwe jike hukoroma anaposikia kishindo, na husimama mlangoni anaponusa mtu ndani. Hayo ndiyo maelezo niliyo nayo, na sitakudanganya kwamba yamenitosha mimi mwenyewe. Lakini hata kama anakujibu kweli, hata kama anakujua kwa jina, nitakwambia lilelile: ondoka humo ndani leo. Usingoje Jumapili. Jike aliyeanza kujenga kitanda yuko karibu kuzaa, na akishazaa hatajali mlivyokuwa mkisalimiana. Atakurarua paja ufie hapo jikoni, na itachukua siku nyingi watu kujua, maana umeniambia mwenyewe mtaa hauna mtu. Mwombe Kanno akulaze kwake. Ndiyo, huyohuyo uliyemfukuza. Utameza mate, utamwambia samahani kijana wangu, hutakufa.

Sasa Tomiyo. Wewe baba wewe! Umepita ukutani kwa njia ya nguruwe, umemwachia nguruwe chumba, umelala kwenye udongo ili nguruwe asisumbuke. Mkeo umemwambia bakuli la sikukuu! Halafu akakuuliza nani anapumua, ukakata simu. Umeshafikiria tangu simu ile amelala vipi? Mwanamke aliyeishi nawe miaka yote hiyo anajua pumzi zako, amezisikiliza kwenye hicho chumba kama sanduku, na amejua kwamba zile si zako. Mimi ningekuwa yeye ningeamini una mwanamke humo ndani, na umempa godoro langu alalie. Na kwa hilo la godoro nisingekuwa nimekosea sana.

Umeniuliza umzuie asije au umwite kijana. Hilo sitakujibu, si langu. Si lako peke yako vilevile. Nyumba uliijenga wewe, nakubali, hongera, lakini aliyekuwa akikuitikia humo ndani miaka yote ukirudi shambani alikuwa nani? Huyo ndiye wa kuulizwa. Mweleze yote, kuanzia jiwe la viatu. Usiruke ile siku uliyomwambia mnyama "umerudi", hata kama utaona aibu, na usianze kumtajia magunia. Mwambie pia kile ulichonificha nusunusu, kwamba unaogopa nyumba ikinyamaza. Andika neno "naogopa" mkononi ukihofia utalisahau.

Akisema kizimba, mwite Kanno saa hiyohiyo, na usisimame kutazama. Akisema mwache mnyama azae, basi nyumba ni ya mnyama, na wewe utapanda basi urudi ulipo mkeo, ukaishi na binadamu. Akisema atakuja hivyohivyo aone kwa macho yake, umpokee kituoni, si mlangoni. Lolote atakalosema ulifuate bila kubishana, maana la kwako ulishalifanya peke yako, na umeona lilipokufikisha.

Anza na simu, kabla hujachukua hata nguo ya kubadilisha. Toka nje kabisa, usimame katikati ya barabara, mbali na mlango, umpigie ukiwa hapo, ili safari hii asikie mtu mmoja tu anapumua.

Mama Yoshie