Figo ya Mwaura

Molo, 26 Novemba 2007

Kwa mwanangu Hiram,

Pokea salamu za mama yako. Huku tuko wazima, ila baridi imezidi na viazi vimeanza kuoza shambani. Wewe je, kifua kimepona? Unakula chakula cha maana, ama bado ni chai na mandazi tu huko Bondeni?

Habari yenyewe ni mbaya. Juzi Jumamosi tukiwa kwenye maombi polisi walikuja na lori mbili. Chifu alikuwa amewaambia sisi Wangojaji, tunaomngojea Bwana arudi, tunataka kuvuruga uchaguzi, kwa vile tumekataa kadi za kura. Walipiga kila mtu. Kiongozi wetu, Mzee Kemboi, walimvunja taya kwa kitako cha bunduki, meno yakabaki kwenye nyasi. Ndugu yako Mwaura alisimama mbele yangu ili nisipigwe. Walimpiga rungu za mgongo mpaka miguu ikamkataa, wakamtupa ndani ya lori pamoja na wengine kumi na mmoja.

Tafuta kila kituo cha polisi. Na hapo mochari kwenye kazi yako utazame pia. Watu wanasema ndugu zetu waliokamatwa mwezi wa nane walirudishwa maiti bila figo, eti zinauziwa matajiri. Serikali inasema ni uongo. Wewe unashika maiti kila siku, nipe ukweli.

Na ukumbuke desturi yetu: barua ikifika inasomwa mbele ya wote.

Mama yako, Wangare

Bondeni, Nakuru, 3 Desemba 2007

Mama mpendwa,

Nimeona mwandiko wako nikafurahi kabla sijasoma. Kifua ni sawa. Mandazi ni yale yale.

Nimezunguka vituo vinne. Kwa cha mwisho sajini alinizaba kofi akaniambia niende nikamngojee Mwaura mbinguni, kwani si ndiyo kazi yetu. Nitarudi tena.

Kuhusu figo, tafadhali waambie waache hiyo maneno. Maiti ikitoka kwa polisi lazima ipasuliwe, daktari aone kilichoua. Mimi ndiye hushona, kutoka shingoni mpaka chini ya kitovu, na sishoni vizuri sana kwa sababu hakuna mteja wa kulalamika. Ndugu zenu wakiosha maiti wakakuta huo mshono, basi, eti wameibiwa. Kuna viungo vinapelekwa Nairobi kupimwa na havirudi. Sisemi polisi ni watu wazuri. Ninasema figo haitolewi kwa seli kama kuku wa Krismasi. Inataka theatre ya upasuaji na daktari, na nyinyi hospitali hamuingii, mtajuaje?

Mwanao, Hiram

Nakuru, 12 Desemba 2007

Mama,

Leo sikuulizi afya. Kaa chini.

Mwaura aliletwa jana kwa Land Rover ya polisi. Nilifungua turubai nikaona kile kidole cha mguu kilichokatwa na jembe. Mgongo wote ni mweusi. Mbavu tatu zimevunjika zikaingia ndani. Mkono wa kulia hauna kucha. Na ubavu wa kushoto kuna mkato mrefu, umeshonwa kwa uzi wa hospitali. Si mshono wangu. Niliingiza mkono ndani ya ndugu yangu nikatafuta figo, nikaikosa. Mtu akikatwa tayari amekufa, nyama haivuji damu. Yake ilikuwa imelowa. Alikatwa akiwa hai. Karatasi ya polisi inasema ametoka kwa Daktari Wasike, yule mwenye kliniki Elburgon.

Hii ni karatasi ya pili. Wasike mwenyewe amekuja leo, hakuitwa na mtu. Anasema polisi walimletea Mwaura tumbo limejaa damu, figo imepasuliwa na rungu, akamfungua ili azuie damu, akamfia mezani. Figo ilikuwa vipande vipande, akaichoma na takataka za kliniki. Kwa hivyo ushahidi hakuna. Nilimuuliza mara tano na jibu halikubadilika. Ninamwamini, ingawa si kabisa. Lakini polisi wanataka aandike malaria, naye amekataa. Amesema atasimama mbele ya hakimu aseme Mwaura aliuawa kwa kipigo. Hatuna shahidi mwingine, mama. Mwili hautatolewa mpaka hakimu aamue.

Ukisoma barua hii mkutanoni, soma karatasi zote mbili. Nimekuomba.

Hiram

Molo, 16 Desemba 2007

Mwanangu Hiram,

Salamu. Mimi niko, siwezi kusema mzima. Dereva wa lori la viazi alinipa barua Ijumaa. Jana niliisoma mkutanoni. Watu walilia mpaka Mzee Kemboi akaanguka. Vijana hawajala tangu jana, wamekaa pamoja kule juu kwa msitu.

Mfunike ndugu yako. Hakupenda baridi.

Mama yako

Nakuru, 19 Desemba 2007

Mama,

Jana wameleta Wasike. Vijana wenu walimtoa kliniki Jumatatu mchana, wagonjwa wakiwa kwenye foleni, wakamfunga kwa mti na waya. Mkato uko ubavu wa kushoto, pale pale. Hawakujua figo inakaa wapi, wamepasua wakitafuta, wametoa na visivyohusika. Nyama imelowa damu, mama. Unaelewa maana yake. Cate, mke wake, alikuja kumtambua, na mimi ndiye niliyefunua uso.

Hatuna kesi tena. Polisi wamecheka.

Ulisoma karatasi ya pili au hukusoma?

Hiram

Nakuru, 28 Januari 2008

Mama,

Tangu vurugu za uchaguzi zianze sijui kama uko hai. Simu hazishiki, barabara ya Molo imefungwa, na mochari tunawapanga chini sakafuni, waliokatwa panga, waliochomwa, wengine bado wana mishale. Kila turubai ikifunguliwa ninatafuta uso wako. Nimechoka kuogopa. Mwaura nimemzika peke yangu, walitaka nafasi. Barua hii nimempa mtu wa Msalaba Mwekundu aulizie makambini.

Hiram

Kambi ya Showground, Nakuru, 3 Februari 2008

Mwanangu Hiram,

Salamu kwa jina la Mungu. Niko hai, miguu tu imevimba. Nyumba ilichomwa, Mzee Kemboi akiwa ndani. Kwako si mbali, ningekuja kwa miguu, lakini nikiuona uso wako sitasema ninayotaka kusema.

Karatasi zote mbili nilizisoma Ijumaa ile ile. Nilielewa kila neno. Jumamosi nilisoma ya kwanza, ya pili nikaikunja nikaiweka kifuani. Jumapili vijana walikuja kuniuliza, "Mama Mwaura, hakuna kingine?" Nikawaambia hakuna. Walimwendea Wasike Jumatatu. Nilikuwa na siku mbili za kuwazuia. Nilitaka mtu afe kwa ajili ya Mwaura, na polisi hatuwawezi.

Kliniki nayo ilichomwa kwenye hii vita. Cate yuko hapa, hema la tatu kutoka kwangu. Aliona miguu yangu, basi kila asubuhi ananiletea uji na kunikanda kwa maji moto. Ananiita mathe. Anajua tu kwamba nimetoka Molo na nimefiwa na kijana.

Kesho akileta uji nitamwambia. Barua hii itakufikia nikiwa nimeshasema.

Mama yako, Wangare