Kabla Hujaitazama Filamu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, nikitumaini zinakukuta unaendelea vizuri. Goti je, limetulia? Na wale wasichana wa bwenini, bado wanalalamika kwamba uji wako ni mzito, kisha wanarudi na vikombe kuomba wa pili? Mimi ni mzima, ila nimechoka uchovu ambao haulaliki. Nimekaa wiki sita bila kukuandikia. Kukupigia simu ningeweza, lakini sikio lako hilo moja najua halipendi simu, nami kwenye simu huwa naongea juu juu. Jambo hili linataka karatasi.

Wiki zote hizo nilikuwa kwenye kazi ya filamu. Usifikirie mambo makubwa. Tulikuwa watu saba, kamera moja ya kuazima, na nyumba ya shangazi yake mwongozaji, aliyetuachia sebule na jikoni kwa sharti moja, kwamba kapeti lake lisione damu, hata kama ni damu ya sharubati. Mwongozaji ni mama wa makamo, zamani alikuwa muuguzi, sauti yake ya chini lakini akishaamua jambo humtoi hapo. Hadithi aliiandika mwenyewe: mke anapigwa na mumewe miaka nenda miaka rudi, mwishowe analipiza kisasi. Kazi yangu ilikuwa ileile ya saluni, ila badala ya kupamba maharusi nilikuwa napaka watu majeraha.

Aliyeigiza mke ni karani wa posta, anaomba ruhusa kazini kila akihitajika. Siku ya kwanza alikuja na picha alizokata magazetini, zinionyeshe jicho lililopigwa linavyokuwa. Nikaziweka kando. Nikaanza na wekundu, nikaleta zambarau. Kwa siku ya nne ya hadithi nikatia kijani, kwa siku ya saba manjano hafifu pembeni. Mwongozaji alisimama nyuma yangu muda mrefu, akauliza nilisomea wapi kazi hii. Nikamjibu kwamba nilisomea nyumbani kwa dada yangu.

Mume aliigizwa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole kupita kiasi. Kila akimaliza kurusha kofi la uongo anamwomba karani msamaha, mpaka mpiga picha akasema kwa mume wa namna hii hata yeye yuko tayari kuolewa. Siku moja mwalimu alinifuata nikiosha brashi. Aliniambia kupiga anaweza kujifunza, kinachomshinda ni baada ya kupiga. Mtu kama yule anafanya nini? Nikamwambia, anakaa mezani. Anaomba chumvi. Anasema chakula kimepoa, na anasema hivyo bila hasira yoyote. Kesho yake akafanya hivyo hivyo. Karani akalia kilio ambacho hakikuwamo kwenye mswada. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Tulipofika kwenye kisasi, mke anamtilia mume sumu kwenye chai. Tulirudia mara kumi na moja, kwa kuwa mwalimu kila akifa alikuwa anapiga chafya. Mara ya mwisho alikufa vizuri, wote wakapiga makofi, kisha maiti ikainuka ikaomba maji. Wenzangu walifurahi kama watu waliotua mzigo. Mimi dada sikufurahi, wala sikuhuzunika. Nilijiuliza tu kama wewe ungefurahi.

Sasa nifike kwenye lililoniketisha kuandika.

Katikati ya mswada palikuwa na pengo. Mke anatoroka na mdogo wake, wanajificha, na siku ya tatu mume anabisha hodi. Mwalimu, mtu wa hesabu, akasema hapo hesabu haikubali: mume alijuaje? Mpiga picha akasema jirani aliwaona. Karani akasema labda rafiki aliyewaficha aliingiwa na hofu akawasaliti. Walibishana hadi chai ikapoa. Nilikuwa nimeshika sifongo, nikasikia sauti yangu ikisema kwamba mdogo wake ndiye aliyemwambia.

Dada, mdogo wake ndiye aliyemwambia.

Kwa miaka kumi na tisa umeamini ni yule rafiki yako, fundi wa mapazia, aliyetuficha kwenye chumba cha nyuma ya kiwanda chake. Ulisema mbele ya watu kwamba alikuuza. Ukiona kivuli chake unavuka barabara, na alipofiwa na mumewe hukwenda kumpa pole. Nami nilikuwa pembeni yako nyakati zote hizo, nimefunga mdomo.

Shemeji alinisubiri kwenye geti la shule. Alikuwa amevaa shati safi, ameshika kifurushi cha dawa zako za presha ulizoziacha. Alilia. Alisema hataki ugomvi, anataka tu usiugue. Ningeweza kukuambia kwamba alinidanganya, nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na ungenisamehe kabla ya kufika mwisho wa ukurasa. Lakini si hivyo tu. Nilikuwa nimechoka kulala sakafuni juu ya vipande vya vitambaa. Nilitaka kitanda changu, nilitaka kurudi nyumbani mambo yawe kama zamani, na zamani nilijua ilivyokuwa. Sare yangu ilikuwa inanuka mafuta ya cherehani, wenzangu darasani wananicheka. Nikamwambia. Nikamweleza na mlango wa uani, kwamba komeo lake halifungi.

Niliporudi jioni nilikukuta kwenye kiti cha fundi, umeshikilia kitambaa kwenye sikio la kushoto. Ukanivuta ukanikumbatia, ukasema afadhali sikuwepo.

Neno hilo la afadhali, dada, ndilo limenichosha miaka yote hii.

Mwongozaji aliliingiza tukio hilo kwenye filamu bila kuniuliza zaidi. Aliniuliza kitu kimoja tu: mke akijua, anamlipizaje mdogo wake? Niliendelea kukamua sifongo. Nilikuwa nafikiria kwamba kisasi chako ulishakilipa zamani, ila kilimwangukia mtu asiyehusika.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa fundi. Bado anashona mapazia, ila sasa anamwita jirani amtungie uzi kwenye sindano. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Akaendelea kukunja kitambaa chake, akasema hilo analijua. Siku ile shemeji alipomsukuma pale mlangoni alimwambia asijisumbue kukana, mtoto mwenyewe ameshasema. Nikamuuliza kwa nini alikubali kubeba lawama isiyo yake. Akasema mama yetu alikuwa ameshakufa, nawe hukuwa umebakiwa na mtu mwingine ila mimi. Rafiki, alisema, mtu anaweza kumtafuta mwingine. Kisha akaniuliza kama unakula vizuri siku hizi, maana alisikia umekonda.

Filamu itaonyeshwa mwezi ujao kwenye ukumbi wa maktaba, nawe jirani zako watakualika, maana wanajua nimeifanyia kazi. Sikutaka uyajue haya umekaa gizani katikati ya watu.

Siombi msamaha kwenye barua hii. Nitakuja kuuomba nikiwa mbele yako, siku utakayoniruhusu, na usiponiruhusu nitaelewa. Ila kama nguvu ulizonazo zinatosha barua moja tu, usinijibu mimi. Mwandikie yeye. Anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha, na herufi ziwe kubwa, macho yamemchoka.

Nisalimie wasichana wa bwenini, na mama mwenye chumba chako. Jikande goti kwa maji ya moto, usingoje mpaka livimbe.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba