Nyumba ya Mfano

Wifi yangu kipenzi,

Nianze kwa kukujulia hali. Hilo goti limekuachia, au bado unapanda ngazi huku ukilalamika? Shemeji naye, kikohozi kimemwisha? Na huyo kitinda mimba wenu, bado hali mpaka abembelezwe kama bwana harusi? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, na uzi natunga kwenye sindano bila miwani, hata ukibisha. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Wifi, kwenye simu wewe hunipi nafasi. Kabla sijamaliza sentensi umeshanijibu na umeshanihukumu. Na hili ninalotaka kukueleza, nikilisema kwa mdomo ama nitacheka katikati ama nitalia, na wewe utadhani ni mtandao.

Kwanza nikupe habari za huku, maana ukija leo hutapajua. Ile njia ya mchanga tuliyokuwa tukipita kwenda ufukweni, wewe viatu mkononi na mimi nakucheka unavyoogopa kaa, sasa ni barabara, au tuseme itakuwa barabara siku watakapoacha kuichimba. Walitia lami. Wakaivunja wapitishe bomba la maji. Wakafukia, wakapongezana, ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba bomba la maji machafu halijalazwa, basi wakachimbua upya. Mbele ya geti langu kuna mtaro unaommeza mwanamume mzima mpaka kofia. Natoka nyumbani kwa kupita juu ya mbao mbili, na kila nikipita wale mafundi walioko chini wananyamaza kwa heshima, nikishavuka wanaendelea na umbea wao.

Kwa yule mfuga kuku pameota ghorofa. Kwa mwalimu pameota ghorofa. Uwanja wa mpira una maghorofa matatu yaliyobanana hivi kwamba mtu wa dirisha la huku anaweza kumpa chumvi mtu wa dirisha la kule, ingawa sijaona hata siku moja wakipeana. Bahari siioni tena, naisikia tu mashine zikinyamaza. Watu wamejaa lakini bomba ni lile lile la enzi zetu, lililowekwa kwa nyumba za kuhesabu vidoleni. Wenye maghorofa wakiwasha pampu zao, la kwangu linakohoa tu, halitoi kitu. Na shule, wifi! Watoto wamezidi hadi wanasoma kwa zamu, wa asubuhi wakitoka wa mchana wanaingia. Ungedhani mimi fundi cherehani nimetajirika. Thubutu. Sare zinakuja dukani zimeshashonwa, zimefungwa kwenye nailoni. Zamani watoto walipokuwa wachache nilikuwa sipumui kwa kazi, leo wamekuwa jeshi zima na cherehani yangu nimeifunika kitambaa.

Sasa hapa niseme ukweli mmoja mdogo kabla ya ule mkubwa. Ukinipigia huwa unaniuliza majirani hawajambo, nami nakujibu hawajambo, wanakusalimia sana. Majirani gani? Wale unaowajua wameuza wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na waliokuja wanaingia na magari hadi chini ya nyumba zao, lango linajifunga lenyewe, basi. Sijawahi kuishi katikati ya watu wengi kiasi hiki, na kuna siku jua linachwea hakuna aliyenisalimia. Juzijuzi mtu alikosea namba akanipigia, nikamshikilia kwa maongezi mpaka akaniomba radhi akakata. Nilikaa na ile simu mkononi, nikaona aibu. Upweke unauma, wifi, na sikukwambia kwa sababu wewe jibu lako nalijua: uza, uje ukae na sisi. Nami kila mara nakata kauli kwamba nyumba ya kaka yako haiuzwi, na unaniita mkaidi.

Basi siku moja nilikuwa natoka kununua vifungo, mvua ikanishika pale kwenye kona, kwenye jengo jipya. Mlangoni kuna bango linalokaribisha watu waje waone nyumba ya mfano. Mimi nilitaka kujificha mvua tu. Ndani nikakuta makochi bado yamevaa nailoni, bakuli la matunda ya plastiki, televisheni ya bandia ya karatasi la boksi, na vitabu ambavyo ukifunua havina kitu. Akatoka binti mmoja, kicha cha funguo kinamlilia kiunoni kila akipiga hatua, nikambatiza hapo hapo Binti Funguo. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinipa pole ya mvua, akaniuliza kama nimekula, akanitilia chai, kisha akanitembeza chumba kwa chumba akiniuliza ninapenda nini. Wifi, ni lini mara ya mwisho mtu alikuuliza ungependa dirisha la jikoni litazame wapi? Mimi sikumbuki kama niliwahi kuulizwa. Nilijibu kama mtu aliyekuwa akisubiri swali hilo maisha yake yote.

Tulipofika chumba cha kulala nikaugonga mlango, unajua tena, kuishi na seremala ni ugonjwa. Ukalia kama debe tupu. Bila kufikiri nikasema mume wangu mlango huu hawezi kuukubali hata kwa bure. Yule binti akacheka sana, akaniuliza baba anapenda mlango wa namna gani. Pale ndipo nilipotakiwa kumwambia kwamba baba tulimzika kwenu, huu mwaka wa nne. Badala yake nikaanza kumweleza, mbao gani, bawaba ngapi, mlango ufungukie upande gani ili usimgonge aliyelala. Nilirudi nyumbani moyo mwepesi, nikapika chakula cha kueleweka.

Juma lililofuata nikaenda tena. Na lile lililofuata. Nikawa navaa lile gauni langu la buluu. Kila nikienda kaka yako alikuwa na maoni mapya: ngazi zimesimama mno, sinki liko chini, nani aliyepanga swichi nyuma ya mlango. Akawa mteja msumbufu kuliko wote, na wewe mwenyewe unajua kwamba hapo sikutia chumvi. Binti Funguo alimpenda. Yeye naye yuko peke yake huku, amepanga chumba kule nyuma ya bohari, mama yake yuko mbali, na mimi aliniita mama kabla sijamruhusu. Aliponiuliza kwa nini baba haji kuona mwenyewe, nikamsingizia mguu mbovu. Nilijua ninachofanya si sawa. Lakini ndani ya ile nyumba isiyo na mtu, wifi, kaka yako alikuwa anaishi, na nilikuwa naondoka pale kama mke anayewahi nyumbani kwa mumewe.

Sasa kaa chini kabisa, na shemeji akuletee maji.

Mwanzoni mwa mwezi huu gari la ofisi yao lilisimama ng'ambo ya mtaro. Akashuka Binti Funguo anacheka meno yote nje. Imepatikana nyumba ya chini, haina ngazi hata moja, na yeye amembembeleza injinia mpaka akakubali kuipa mlango wa mbao halisi, sawasawa na baba alivyoagiza. Umeshafungwa. Amekuja na dereva wamshike baba mkono taratibu, wampeleke akaugonge mwenyewe. Wifi, nilisimama getini. Nyuma yangu palikuwa na nyumba tupu, na mbele yangu mtoto wa watu aliyepigania mlango wa marehemu. Nikamwambia baba hayupo, amefariki. Akaniuliza lini. Nikasema jana.

Alikaa chini pale pale kwenye udongo akalia kwa sauti. Dereva akavua kofia. Mafundi wakatoka mtaroni, mmoja akaenda kuzima ile mashine yao, na habari ikapanda maghorofani haraka kuliko maji. Kabla ya alasiri uani kwangu palikuwa pamejaa. Viti vya ofisi ya kuuzia nyumba vilikuja vikibebwa vichwani. Alikuja mlinzi, alikuja yule injinia na buti zake za tope, wakaja watu wa maghorofani ambao sikuwa nimewahi kuwaona miguu, nawajua mikono tu wakianika nguo. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu, ambaye mashuka yake ya maua nimeyajua kabla ya kumjua mwenyewe, alikuja na chupa ya chai akaniambia kwamba kule juu wananiita Mama Bati Jekundu, kwa hili paa langu. Kwamba wanawe wakiamka wanachungulia kama nimeshafagia uwanja. Kwamba amekuwa akitamani kuniletea nguo za kupunguza, lakini geti langu muda wote limefungwa, wakadhani sipendi watu wa maghorofa. Na mimi siku zote nilidhani wao ndio hawanitaki.

Wakaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikawaambia, wifi. Niliwaambia alivyokuwa akinusa ubao kabla ya kuununua, alivyokuwa akikoroma na kunilaumu mimi, alivyonikasirikia siku tatu kwa kuuita mlango wake dirisha kubwa. Walicheka, wakalia, nami nikalia mpaka sauti ikakauka, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Kule kwenu tulimlilia vizuri, sina la kulaumu. Lakini niliporudi huku nilifungua geti mwenyewe, nikaweka begi chini, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba nimetoka kuzika. Ndani ya nyumba hii aliyoijenga kwa mikono yake, hakuna aliyewahi kuniambia pole.

Mazishi waliniuliza, wangeachaje. Nikakusingizia wewe. Nimesema dada wa marehemu alikuja alfajiri na gari akamchukua kaka yake kumpeleka kwao, na mimi nimebaki kufunga nyumba, atarudi kunichukua. Kwa hiyo ujue una gari, na una haraka. Walitaka kuchanga rambirambi nikakataa katakata, nikasema marehemu hakupenda, na hilo Mungu anajua ni kweli. Lakini kuja hawajaacha. Kila jioni wanakuja wawili watatu, na Binti Funguo haendi kwake mpaka ahakikishe nimekula. Kila siku ananiuliza kama shangazi, yaani wewe, amepiga simu. Amefunga kitambaa cheusi kichwani kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona, na mimi nikikiangalia kile kitambaa natamani ardhi ipasuke.

Nimejaribu kumwambia. Namkalisha, namshika mkono, naanza na neno mwanangu, kisha najikuta namuuliza kama chai imekolea sukari. Ninachoogopa si kuchekwa. Naogopa wakishajua watasimama mmoja mmoja, watachukua viti vyao, na geti lile litafungwa tena, na safari hii watakuwa na haki. Lakini siwezi kuendelea kumwacha mtoto wa watu anaomboleza kwa uongo wangu. Nitasema. Ila siwezi kusema nikiwa peke yangu, wifi. Kila kitu nimekifanya peke yangu tangu kaka yako aondoke, hiki kimenishinda.

Nisamehe kwanza wewe. Nimemzika kaka yako mara ya pili na sikukuita. Umenambia nije kwenu mara nyingi, na mimi hata siku moja sikuwahi kukwambia uje, kwa sababu nilidhani ukiniona ninavyoishi utajua nimeshindwa. Basi nimeshindwa. Njoo. Sikuiti uje kunisaidia uongo, uongo nimeshauweza mwenyewe. Njoo ukae pembeni yangu nikiwaambia, na wakiondoka, usiondoke siku hiyo.

Ukishuka stendi usifuate njia unayoikumbuka, imezibwa na ukuta. Uliza lilipo jengo la nyumba ya mfano, hata mtoto anapajua, halafu nipigie nikufuate. Shemeji msalimie sana na umwambie nakuazima kwa muda tu. Watoto wote wape salamu zangu, na huyo wa mwisho mwambie akila vizuri nitamshonea kaptula yenye mifuko minne.

Na ukifika, nakuomba, usiniulize kitu mbele ya watu. Nikumbatie kwanza tumlie kaka yako, wewe na mimi, hapa kwake. Yaliyobaki nitayasema mwenyewe.

Ni mimi,
mke wa kaka yako.