Mkono wa Gitaa Uliopandisha Kwaya

Mjukuu wangu Neema,

Wengi huchagua mkono wa kutikisia nyuzi za gitaa kwa jinsi unavyotikisa sauti, wala hawaulizi waya mmoja ukikatika itakuwaje. Bibi yako anakusalimu, na mbuzi wetu amezaa mapacha.

Umeniuliza ununue gitaa lipi kati ya yale mawili. Zamani, amani ikiwa bado ya wasiwasi na nywele zangu bado nyeusi, kwaya yetu ya Mudzipela ilitaka mpiga solo mmoja: mimi au Kakule. Tulishindana Jumapili moja ibadani. Daraja la gitaa langu, pale nyuzi zinapofungwa, lilielea, likivutwa na resori tatu, yaani springi, na mkono wake ulitikisa sana. La Kakule lilikuwa na kibiringo, kifimbo cha kuzungushia nyuzi, na resori moja fupi, likitikisa kidogo tu.

Nikakandamiza mkono kwa madaha. Waya ukakatika, resori zikavuta daraja, nyuzi zilizobaki zikakazika na sauti ikapanda. Mama zetu wa kwaya hufuata gitaa popote liendapo, basi wakapanda nalo hadi mishipa ikawatoka shingoni.

“Weye!” akalia Mama Vumilia. “Unatupeleka mulima Hoyo?”

“Mushuke, mama!” nikamjibu.

“Tushuke namna gani? Ni weye uko unatupandisha!”

Kakule akasimama, akakata waya wake mmoja makusudi, akapiga. Kwaya haikupanda. Nilimpigia makofi, nikawa mpiga ridimu wake, nikimfuata nyuma, miaka mingi, kwa furaha.

Leo nenda dukani, legeza waya mmoja wa kila gitaa, usikilize kama nyingine zinapanda sauti. Lisilopanda ndilo ununue.

Babu yako