Mama Anaita Kulwa

Segese, Msalala

Kulwa ndugu yangu,

Shikamoo sikupi. Ulinitangulia kuzaliwa kwa dakika chache tu, na tulipokuwa wadogo ulishajinyakulia shikamoo zangu za kutosha. Nakujulia hali wewe, wifi Mama Neema na watoto. Miguu yako imeacha kuvimba? Pamba mmemaliza kuchuma? Sisi huku tu wazima. Karasha langu linasaga mawe ya dhahabu kutwa, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi, na umeme ukikatika tunakaa tunatazamana. Mama anakula na analala. Mkono wa kulia bado hauinuki.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatisha. Nikitaja wimbo tu, unasema, "Doto, tuombe kwanza." Karatasi huwezi kuikatisha, kwa hiyo soma mpaka chini.

Ulipomleta Mama kwangu ulisema huku ni karibu na hospitali ya Kahama. Ni kweli. Lakini wewe na mimi tunajua alivyoondoka huko kwako Mhunze. Kiharusi kilimnyang'anya maneno yote, na kitu cha kwanza kilichomtoka kilikuwa nyimbo za mapacha, tena mbele ya wanajumuiya waliokuja kumwombea. Zile zile walizotuimbia akina mama tulipozaliwa, zenye matusi ya chumbani, ambayo siku ile hakuna aliyeyaonea haya kwa sababu mapacha wameingia nyumbani. Wewe mzee wa kanisa ukatahayari. Wifi akamfunika uso kwa khanga, mchungaji akaitwa akemee pepo. Nami uliponipigia nikasema, mtulizeni. Akatulia kweli. Tangu mlipokuwa mnapalilia pamba mpaka mlipoanza kuichuma, Mama hakutoa sauti.

Kahama nilimpata binti anayewafundisha kusema watu waliopigwa na kiharusi. Akamwonyesha Mama vidole vinne.

"Bibi, hivi ni vingapi?"

Mama akahangaika, machozi yakamlengalenga.

"Haya, tuhesabu wote. Moja..."

Mama akapokea, akaenda mpaka kumi bila kukwama, kama anapima madebe ya mtama. Mimi ninayeishi kwa hesabu nikaona hii haiingii akilini. Anayefika kumi atashindwaje nne?

Binti akanieleza. Neno la kuchagua, kama jina la kitu unachoonyeshwa, kwa watu wengi hutafutwa upande wa kushoto wa ubongo, na kwa Mama ndiko mshipa wa damu ulikoziba. Lakini kilichokaririwa miaka na miaka, hesabu, sala, matusi, na hasa nyimbo, hakitafutwi. Neno moja linavuta jingine kama mabehewa pale Isaka. Tena tuni haikai upande mmoja, inashikwa na pande zote mbili, kwa hiyo upande mzima unabeba kile ambacho upande mgonjwa umekidondosha.

"Tangu augue hajaimba chochote?" akauliza.

"Aliimba. Tukamnyamazisha."

"Kwa nini?"

"Una mama mkwe?"

"Ninaye."

"Wimbo wenyewe huwezi kuuimba mbele yake."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Mngemwachia, dada. Mwanzoni ndipo ubongo unajipanga upya upesi. Sasa bado inawezekana, ila kwa taabu zaidi."

Maneno hayo, Kulwa, yananifuata mpaka kwenye mizani. Mama alikuwa anatuonyesha mlango uliobaki wazi, sisi tukausukuma ukajifunga.

Tunachofanya ni hiki. Namshika mkono wa kushoto, naugonga taratibu gotini, pigo moja kwa kila silabi, mwendo wa mtu anayelima bila haraka. Tunaimba ubeti wangu, wa Doto, kwa sababu ndio ninaoujua. Ukishamkolea, pale penye tusi tunapachika neno tunalolihitaji. Mwanzoni tusi lilirudi lenyewe, zima zima, na vijana wa karasha wakasimamisha kazi.

"Bosi, bibi anatutukana au anatubariki?"

"Anaomba uji. Leta uji."

Tukaendelea hivyo hivyo, mpaka asubuhi moja pale penye tusi akaweka *minzi*. Nikampa maji. Akanywa yote, akakigeuza kikombe, akaimba tena, *minzi*. Nikamjazia tena, Kulwa. Niliwaza siku zote alizokaa kwako kwenye kile kiti, na siku za mwanzo hapa kwangu, tukimnywesha pale tulipokumbuka sisi, si pale alipoona kiu yeye.

Nisikudanganye kwamba wimbo umemponya. Maneno aliyonayo hayafiki ishirini, yote kwa tuni, na mengine yakija leo kesho hayapo. Lakini wiki hii amefanya jambo ambalo sikumfundisha. Ameanza ubeti wako. Anaita, "Kulwa," kisha ananyamaza, maana pale Kulwa huitika ndipo ubeti uendelee. Niliitika mimi, kwa sauti nene. Akatikisa kichwa. Nikamweka kijana mmoja wa karasha aitikie, Mama akamtazama kama mwizi. Binti wa Kahama anasema ubeti huo ukifunguka tutapata pa kupachika maneno mengine. Nimeupigia hesabu kila upande, na kila upande unakosekana wewe.

Sikuambii uache uzee wa kanisa. Tusi lenyewe hutalitamka, mahali pake tutaweka neno chai. Wala sikudai chochote cha matunzo, ingawa hujauliza hata mara moja dawa zake nazipataje. Nataka sauti yako tu, na nataka uje nayo mwenyewe, si kwenye simu.

Msalimie wifi, mwambie khanga yake ninayo, imefuliwa. Neema wa kwaya mwambie shangazi yake anamhitaji likizo, maana mimi sauti ya juu siifikii. Na upite kwa mama mdogo umpe salamu zangu. Yeye alikuwepo wakituimbia, atakukumbusha ubeti wako kabla hujapanda gari.

Unaitwa mara moja tu, na jibu ni neno moja, "Nipo." Kwa sasa Mama akiita, linalomjibu ni karasha.

Ni mimi pacha wako,
Doto