Usimpe Ziwa Lako

Wifi Raudha,

Nimewahi gengeni. Maziwa niliyomkamulia Farhan yamo kwenye friji, mnyweshe kwa kikombe. Uji bado, maji bado, hajatimiza miezi sita.

Na ziwa lako usimpe tena. Una Twalib wako, mnyonyeshe huyo. Asubuhi natoka kuoga nakukuta unamnyonyesha mwanangu, eti unamwepusha na virusi vyangu! Dawa nameza kila siku, na nesi ndiye aliyesema nimnyonyeshe. ~~Ukirudia, rudi kwa mumeo.~~ Najua ni huruma. Lakini ukizoea atakuwa mwanao wa kunyonya kwa sheria ya dini, na mie sitaki kugawana.

Alikuwa anakutazama usoni. Nilidhani ananitazamaga hivyo mie tu.

Ikifika jioni usimshibishe. Nataka nimkute ananililia.

Mama yake