Ndege Mmoja wa Rangi Mbili

Mpendwa Mama,

Kesho nitasimama mbele ya wazazi wote wa shule kueleza habari za ndege. Mimi, ambaye wageni wakija kwetu Kesses nilikuwa nikijificha jikoni mpaka waende. Cheka tu, una haki.

Ni wale ndege wetu wa shamba la wimbi. Unakumbuka tulivyofunga pakiti tupu za maziwa ya shule kwenye kamba, tukizivuta zipige kelele? Wale weusi wenye mkia mrefu, waliorukaruka juu ya nyasi, ulisema niwaache. "Hao wamekuja kucheza tu. Piga hao wadogo wa kahawia, ndio wezi!" Nami nikawarushia mawe mpaka mkono ukauma.

Mama, kumbe ni ndege mmoja! Mweusi ni bwana, wa kahawia ni bibi yake, na wote wanakula mbegu. Tulifukuza wake, tukawaachia waume chakula. Mwalimu wa baiolojia alipotueleza nilicheka peke yangu darasani, halafu nikakumbuka tulishakuzika, sina wa kumwambia.

Anasema jike huchagua dume mwenye mkia mrefu, watoto wa kiume wakafanana na baba, na vizazi vingi vikipita mkia unazidi kurefuka. Hata midomo: ule wa kuvunja mbegu ni mnene, wa kunyonya maua ni mwembamba, umepinda. Ndivyo ndege walivyokuja kuwa wa aina nyingi, polepole.

Baba hataki kusikia. "Ndege waliumbwa siku ya tano, kwisha! Huyo mwalimu alikuwako?" Lakini atakuja. Ameshapiga pasi koti la kanisani.

Nakuambia wewe tu: shule inataka tuzungumze Kiingereza, nami nilifurahi. Ningejificha humo. Niseme maneno makubwa, Baba apige makofi bila kuelewa, turudi nyumbani kwa amani.

Leo nimekataa. Nimemwambia mwalimu nitasema Kiswahili.

"Watakukata maksi, Chebet."

"Wakate tu, Mwalimu."

Sauti haikutetemeka, Mama.

Wewe ungebishana nami mpaka ugali uungue. Sasa nimebaki na Baba. Nataka asikie kila neno, na kama ni kunikatalia, anikatalie akiwa ameelewa.

Lala salama, Mama yangu.

Ni mimi, kitindamimba wako.